Aliyevua shela bado ni wa nyumbani



Tumo katika siku zile zilizo kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste. Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutaimba kwa shangwe ujio wa Roho Mtakatifu. Lakini siku hizi za katikati wengi wetu huzipita bila kuzitazama. Yesu ameshaondoka, na Roho Mtakatifu hajashuka. Mitume hawana tena Mwalimu wa kumfuata barabarani, wala hawajapewa nguvu ya kwenda kuhubiri. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, kinatueleza kwamba walirudi Yerusalemu, wakapanda katika chumba cha juu, wakadumu katika sala. Mwinjili Luka anaongeza jambo ambalo ningependa tukae nalo asubuhi hii: hawakuwa wanaume peke yao. Walikuwamo wanawake, na Maria mama yake Yesu.

Jiulize, wanawake hao walikuwa nani siku hizo? Luka anatuambia katika sura ya nane ya Injili yake kwamba walimfuata Yesu tangu Galilaya, wakimhudumia kwa mali zao. Kazi yao ilijulikana. Sasa kazi hiyo imekwisha: hakuna safari ya kuandaa, hakuna Mwalimu wa kutayarishiwa chakula. Na kazi mpya haijatajwa. Katika siku hizo hizo Petro anasimama ili nafasi ya Yuda izibwe, kura zinapigwa, Mathia anapata cheo. Wanawake hawapewi cheo chochote. Hata hivyo wamo chumbani, na hakuna anayewauliza wameingia kama nani.

Leo nataka tuzungumze juu ya wanawake wa Kanisa ambao maisha yao yako katika siku kama hizo. Wapo wengi kuliko tunavyodhani, ila hawaonekani kwa sababu wamejifunza kukaa benchi la nyuma na kuondoka kabla matangazo hayajaisha.

Yupo binti aliyerudi nyumbani kutoka unovisi. Yupo sista aliyemaliza muda wa nadhiri zake za kwanza na hakuendelea, ama kwa uamuzi wake au kwa uamuzi wa shirika. Yupo sista aliyeruhusiwa kukaa nje ya nyumba ya kitawa ili amuuguze mama yake, na sasa anafua nepi za mtu mzima kijijini huku majirani wakinong'ona kwamba amefukuzwa. Yupo katekista mwanamke aliyefundisha katika kigango kwa miaka mingi, kigango kikakua, akaletwa mwingine aliyesomea chuoni, naye akashukuriwa kwa makofi na kitenge. Yupo mjane wa katekista, au kwa ndugu zetu Waprotestanti mjane wa mchungaji, ambaye mumewe alipokuwa hai aliitwa mama wa usharika mzima. Baada ya mazishi anatakiwa aiache nyumba, na pamoja na nyumba anaacha pia jina. Yupo dada aliyehitimu chuo cha theolojia na anasubiri kupangiwa kazi, na kila Jumapili anajibu swali lile lile.

Swali lenyewe unalijua. "Siku hizi uko wapi?" Kwa mtu mwingine hiyo ni salamu, lakini kwa wanawake niliowataja ni mtihani.

Tuseme ukweli. Katika makanisa yetu tumemwandalia mwanamke viti viwili. Kiti cha kwanza ni cha mama: ameolewa kwa ndoa takatifu, ana watoto, ana sare ya chama. Kiti cha pili ni cha sista: ana shela, ana shirika, tunampisha kwenye foleni. Kati ya viti hivi viwili kuna nafasi pana, na mwanamke anayejikuta pale husimama. WAWATA ilianzishwa mwaka 1972, na jina lake linawahusu wanawake wote Wakatoliki Tanzania. Lakini katika parokia nyingi mazungumzo ya kikao ni ya waume, wakwe na watoto, na asiye na hao hujiona amekosea mlango. Akienda kwa vijana, anakuta wenzake ni wadogo zake wa mwisho. Akibaki nyumbani, tunasema amepoa kiimani.

Nataka nitoe mfano unaonisumbua. Nilisoma seminari pamoja na vijana wengi ambao hawakufikia altare. Wengine waliondoka wenyewe, wengine waliambiwa waondoke. Leo ni walimu, wanasheria, wafanyabiashara. Parokiani mtu akisema "huyu alisoma seminari," inakuwa sifa. Tunamchagua kuwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei kwa sababu anajua liturujia na anajua kuandika muhtasari. Hakuna anayemwita padri aliyeshindwa. Lakini dada yake aliyelelewa miaka sita utawani, anayejua liturujia vilevile, aliyefundishwa kutunza fedha za nyumba, kuuguza na kufundisha watoto, akirudi tunanong'ona. Tunatafuta kosa. Tunauliza kama kuna mwanaume. Malezi ni yale yale ya Kanisa moja. Aliporudi kijana wa kiume tuliona faida, aliporudi binti tukaona aibu. Jambo hili halina msingi wowote katika imani yetu. Ni desturi tu, na desturi mbaya huachwa.

Ninasema halina msingi kwa sababu Kanisa lenyewe, katika sheria zake, limeutambua wakati huu wa katikati na kuuheshimu. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983 kinataka unovisi usipungue miezi kumi na miwili, na kinasema wazi kwamba mnovisi yuko huru kuondoka. Nadhiri za muda hazipungui miaka mitatu wala kwa kawaida hazizidi sita, na hata zikiongezwa muda wote hauvuki miaka tisa. Muda ukiisha, mtawa anaweza kuomba kuendelea au anaweza kwenda zake. Mwenye sababu ya haki anaweza kuruhusiwa kuishi nje ya nyumba ya shirika. Ndiyo kusema, Mama Kanisa alipojenga nyumba ya malezi aliweka mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na yote miwili aliiweka kwa makusudi. Malezi ni muda wa kupambanua, na kupambanua maana yake ni kwamba jibu linaweza kuwa ndiyo na linaweza kuwa hapana. Kama hapana haikubaliki, basi tusiite kupambanua; tuite kukamatwa.

Sheria hiyo hiyo, kanuni ya 702, inasema anayetoka shirikani hawezi kudai malipo kwa kazi aliyoifanya humo. Wengi huishia hapo. Lakini kanuni inaendelea: shirika linapaswa kumtendea kwa haki na kwa mapendo ya Injili. Mwanzoni mwa mwaka 2020, katika mahojiano yaliyochapishwa na gazeti la Vatikani, Kardinali João Braz de Aviz, aliyesimamia masuala ya watawa, alieleza kwamba Papa Fransisko aliamua ifunguliwe nyumba mjini Roma kwa ajili ya masista waliotoka katika mashirika yao na kuachwa bila msaada. Kama Roma kwenyewe ilionekana haja ya nyumba ya namna hiyo, sisi huku tusijidanganye kwamba hatuna tatizo.

Sasa tumfungulie Biblia mwanamke mmoja aliyeyapitia haya. Naomi aliondoka Bethlehemu akiwa na mume na wana wawili. Alirudi kutoka Moabu akiwa mjane, wanawe wamekufa, amefuatana na mkwewe mgeni. Kitabu cha Ruthu, sura ya kwanza, kinasema mji mzima ulitaharuki, na wanawake wakaulizana kama kweli huyu ndiye Naomi. Msomaji, huoni kwamba ni swali lile lile la nje ya kanisa baada ya Misa? "Si yule sista?" Naomi naye akajibu kwa uchungu. Akakataa jina lake. Akataka aitwe Mara, yaani mchungu, kwa sababu alitoka amejaa na Bwana amemrudisha mikono mitupu.

Angalia Maandiko yanavyomtendea. Hakuna anayemkemea kwa kusema hivyo. Mwandishi anaendelea kumwita Naomi, jina lake la siku zote, hata baada ya yeye mwenyewe kulikataa. Na anataja kitu kidogo ambacho Naomi, kwa machozi yake, hakukiona: walifika Bethlehemu mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Alidhani amefika mikono mitupu, kumbe shamba limeiva. Halafu soma sura ya nne. Wale wanawake wa mji waliouliza kwa mshangao ndio wanaokuja kumpongeza mtoto anapozaliwa, ndio wanaomshukuru Mungu pamoja naye, na ndio wanaompa mtoto jina, Obedi. Wametoka kwenye kuulizana wakafika kwenye kusherehekea pamoja. Safari hiyo ndiyo ninayoiombea parokia zetu. Wanawake waliouliza swali la kuumiza ndio wenye uwezo wa kuliponya.

Tazama pia watakatifu wetu. Tunapenda kuwasimulia wakiwa wamefika. Tunaruka miaka yao ya katikati, na hiyo ndiyo miaka tunayoihitaji.

Mtakatifu Josefina Bakhita, binti wa Darfur, Sudan, aliibwa akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa. Alipelekwa Italia mwaka 1885. Akiwa Venezia kwa masista Wakanosa, mama aliyemmiliki alipotaka kumchukua tena, Bakhita alikataa. Shauri likafika mbele ya wakubwa wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Lakini aliingia unovisi Desemba 1893 tu, na nadhiri alizifunga tarehe 8 Desemba 1896. Hesabu mwenyewe: karibu miaka minne baada ya ubatizo wake, hakuwa tena mtumwa na hakuwa bado sista. Aliishi katika ile nyumba ya wakatekumeni. Mwanamke Mwafrika, nchi ya ugenini, bila ndugu, bila cheo. Ukimuuliza "uko wapi siku hizi," angejibu nini? Alikuwa kwa Mungu, katika nyumba ambayo masista walimwachia akae.

Mama Teresa wa Kolkata naye. Aliishi karibu miaka ishirini katika shirika la Loreto. Tarehe 17 Agosti 1948, kwa ruhusa ya Roma, alitoka katika konventi akiwa amevaa sari nyeupe ya bei rahisi. Shirika lake jipya lilikubaliwa rasmi tarehe 7 Oktoba 1950. Miaka miwili ile kati ya tarehe hizo alikuwa nani? Sista wa Loreto aliye nje ya Loreto, mwanzilishi wa shirika ambalo halipo. Alikwenda Patna kujifunza uuguzi kwa Masista wa Huduma za Tiba. Aliporudi Kolkata alipokewa kwanza na Masista Wadogo wa Maskini. Na mwezi Februari 1949 familia moja ya Kikatoliki, familia ya Gomes, ilimpa nafasi katika ghorofa ya juu ya nyumba yao. Hapo ndipo walipomkuta wasichana wa kwanza waliojiunga naye.

Tafadhali usiipite familia hiyo haraka. Chumba cha juu tena! Dunia nzima inamjua Mama Teresa. Wachache wanajua kwamba kabla hajawa na shirika alikuwa na chumba alichopewa na walei. Baba na mama wa nyumba ile hawakuandika vitabu vya kiroho. Walifungua mlango. Pengine nusu ya miito mipya inayokufa siku hizi haifi kwa kukosa neema. Inakufa kwa kukosa mtu mwenye chumba cha kuazimisha.

Najua kuna pingamizi. Baadhi yenu, hasa wazazi na walezi, mtasema: "Baba Padri, tukiwapokea vizuri waliotoka, tutarahisisha wito. Kila atakayekutana na ugumu atafunga sanduku." Ni hoja ya kuheshimiwa, kwa sababu uaminifu katika nadhiri ni kitu kitakatifu, na aliyeweka nadhiri za daima hatoki kama mtu anayehama nyumba ya kupanga. Lakini tujiulize, hofu ya aibu imewahi kumpata Mungu mtawa mzuri? Anayebaki utawani kwa kuogopa baba yake atasema nini kijijini, hajabaki kwa ajili ya Kristo. Atazeeka na uchungu, na uchungu huo wataunywa wagonjwa anaowahudumia na watoto anaowafundisha. Msichana anayejua kwamba nyumbani atapokelewa kwa vyovyote ndiye anayeweza kusema ndiyo kwa uhuru. Mlango wa nyumbani ulio wazi unaulinda wito, hauuharibu.

Wengine watasema Jumuiya Ndogo Ndogo ziko wazi kwa wote, kwa hiyo asiyekuja amejitenga mwenyewe. Ni kweli ziko wazi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970 ili kila Mkristo awe na mahali anapojulikana kwa jina. Lakini mlango ulio wazi hautoshi kwa mtu mwenye haya. Lazima mtu atoke nje amshike mkono. Mgeni hupishwa, ila mwenye haya hufuatwa.

Sasa naomba nizungumze nawe moja kwa moja, binti yangu, dada yangu, mama yangu uliye katika siku hizi za katikati.

Kwanza, usiupuuze msiba wako. Umepoteza kitu. Waliolima mpunga Mbarali au Kilombero wanajua: mche ukitolewa kitaluni na kupandikizwa shambani, siku za kwanza hunyauka na kugeuka rangi. Mkulima mgeni hudhani umekufa. Mzoefu anajua mizizi inatafuta udongo, na wakati huo haung'oi ili kuutazama. Lia ukihitaji kulia. Naomi alilia barabarani, na Mungu hakumkasirikia.

Pili, usikimbilie cheo kipya ili tu uwe na jibu la kuwapa watu. Nimeona dada akiingia ndoa miezi michache baada ya kutoka utawani, na mwanaume wa kwanza aliyemhurumia, ili asiitwe tena jina lile. Wengine hukimbilia shirika jingine kabla hawajapumua. Wengine hufungua huduma yao chini ya turubai na chupa za mafuta, wakajiita nabii mke. Haya yote ni kuikimbia chumba cha juu kabla ya Pentekoste. Bwana aliwaambia wanafunzi wasitoke Yerusalemu. Kungoja nako ni utii.

Tatu, usiache ulichofundishwa. Masifu ya Asubuhi na ya Jioni hayakuwa mali ya shirika. Ni sala ya Kanisa, na wewe ni Kanisa. Uliyojua kuhusu Maandiko, wagonjwa, bustani na hesabu hayakubaki kwenye kabati pamoja na vazi.

Nne, omba kazi ndogo isiyo na jina. Kumpelekea uji mgonjwa wa jumuiya. Kuwasaidia watoto wa Komunyo ya Kwanza wanaosoma kwa shida. Katika Matendo sura ya tisa tunakutana na Tabitha, yaani Dorkasi, wa Yafa. Luka hamwiti mjane wala mke wa fulani, wala hampi cheo cha kanisa. Anamwita mwanafunzi, na kwa Kigiriki neno hilo katika umbo lake la kike linatokea mara hii moja tu katika Agano Jipya lote. Alikuwa na sindano na uzi. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakionyesha nguo alizowashonea. Huo ndio ulikuwa utambulisho wake.

Tano, mweleze mtu mmoja ukweli wote. Mmoja anatosha: padri unayemwamini, sista mzee, shangazi mwenye hekima. Siri inayobebwa peke yako huwa nzito kuliko jambo lenyewe.

Na ukumbuke hili, hata ukisahau mengine yote. Kabla hujaitwa mnovisi, sista, katekista au mama mchungaji, ulimwagiwa maji kichwani na jina lako likatamkwa pamoja na Utatu Mtakatifu. Nadhiri za muda huisha muda wake, uteuzi hubadilishwa, na nyumba ya misheni hurudishwa kwa wenyewe. Ubatizo haurudishwi. Ana binti wa Fanueli tunayemsoma katika Luka sura ya pili aliishi na mume miaka saba tu, kisha akawa mjane hadi uzee wa miaka themanini na minne. Lakini Luka hakuanza na ujane wake. Alimtaja kwa jina, kwa baba yake, na kwa kabila lake la Asheri. Alikuwa na mahali pake katika watu wa Mungu, na kwa sababu hakuondoka hekaluni alikuwapo siku Mtoto alipoletwa.

Kwa sisi wengine, waamini na viongozi, naomba mambo yanayowezekana.

Wazazi, siku binti alipoingia utawani mlichinja na kualika ukoo. Siku akirudi, pikeni tena. Isiwe sherehe, uwe mlo wa nyumbani, na baba akae naye mezani mbele ya wadogo zake. Mzazi akimpokea, jirani hana la kusema.

Akina mama wa WAWATA na wa umoja wa wanawake wa makanisa mengine, mtengenezeeni nafasi kwenye mkeka kabla hajaomba. Msimuulize kwa nini alitoka. Akitaka atasema. Mjane wa katekista au wa mchungaji msimsahau baada ya arobaini. Nendeni miezi sita baadaye, siku ambayo hakuna mwingine anayekwenda.

Mashirika yetu pendwa ya kitawa, mnayoyafanya mema ni mengi kuliko ninavyoweza kuyataja. Ninawaomba tu kwamba anayetoka atoke mchana, kwa kuagwa, akiwa na vyeti vyake vya shule, barua inayoeleza kazi alizofanya, nauli, na kitu cha kuanzia maisha. Mwalimu aliyefundisha miaka minane bila barua inayothibitisha hilo ataanzaje kuomba kazi? Kanuni ya 702 iliposema mapendo ya Injili haikuwa na maana ya sala peke yake.

Na sisi mapadri na wachungaji, tumpe kazi. Mwezi Januari 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake rasmi huduma za usomaji na utumishi wa altare, na tarehe 10 Mei mwaka huo huo akaiweka huduma rasmi ya katekista kwa walei, wake kwa waume. Milango ipo. Parokia inayolalamika kwamba haina makatekista wa kutosha, huku dada aliyelelewa miaka sita amekaa benchi la nyuma, inalala njaa ghala likiwa wazi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mpendwa msomaji, juma hili jumuiya nyingi zinaendelea na novena ya Roho Mtakatifu. Kabla ya kuanza sala jioni ya leo, mtazamane kidogo. Muulizane nani hayupo, kati ya wale waliowahi kutufundisha katekisimu, kutuongozea rozari au kutuombea kutoka konventi. Kisha wawili kati yenu waende wakamgongee hodi. Msiende na maswali. Mwambieni tu kwamba mnasali nyumba ya fulani, saa kumi na mbili, na kiti chake kipo.

Roho Mtakatifu aliposhuka, aliwakuta wote mahali pamoja. Na sisi atukute hivyo.

Nawatakia Dominika njema na maandalizi mema ya Pentekoste.